Picha Hubadilika Baada ya Alasiri

Watu wa Garsen walikuwa wamezoea kwamba kwenye banda la video la Jatani, filamu hubadilika rangi baada ya swala ya alasiri. Kabla ya adhana, watu wa kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu huwa wa buluu kama waliotolewa mtoni baada ya siku tatu. Nguo nyekundu huonekana zambarau, na moto ukiwaka huwaka kijivu. Jatani akishatoka kwenda msikitini, picha hupona. Anaporudi na kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, watu huwa bado wana rangi zao walizoumbwa nazo. Kisha huchukua rimoti, na kidogo kidogo rangi huanza kuwatoka tena.

Wateja hawakuuliza sana. Waliichukulia kama tabia ya mahali, sawa na vumbi la barabara ya Hola. Wenye haraka waliingia saa nane na kuvumilia, na waliotaka kuona vizuri walikuja saa kumi. Aliyeijua sababu yote tangu mwanzo ni mtu mmoja, Kadra, mke wa Jatani, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiinuka mlangoni kila mumewe alipokwenda kuswali, akaitengeneza picha, kisha akarudi kwenye ndoo yake ya maji baridi ya kuuza kana kwamba hakuna lililotokea.

Banda lao lilikuwa la mabati, ndani limezungushiwa nailoni nyeusi ili jua lisipenye, na mbele kuna kitambaa cheupe kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Jatani alilijenga baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe wake. Ng'ombe saba waliobaki aliwauza, akanunua projekta, spika mbili na mabenchi. Watu wake wa malishoni, Waorma wenzake, walicheka. Mworma anachunga picha, walisema. Yeye alijibu kwamba picha hazihitaji majani.

Tatizo lilianza masika ya mwaka juzi. Siku hiyo Jatani alilalamika kwamba picha imekuwa ya manjano, imechafuka kama samli iliyokaa. Alipangusa lenzi kwa kanzu yake. Akafua kitambaa. Haikusaidia. Ndipo akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akakuta mistari mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu. Akaupandisha ule wa buluu, akaushusha mwekundu, akaegemea kiti kwa kuridhika.

Kadra alitazama kutoka mlangoni. "Baba Nuh," akasema, "mbona watu wamekuwa wa buluu?"

"Buluu gani? Sasa ndiyo wamekuwa safi."

Mtu alicheka kwenye benchi la nyuma. Jatani aligeuka kuelekea kule kicheko kilikotoka, lakini hakugeuka sawasawa. Alimkazia macho mtu mwingine kabisa, aliyekuwa kimya. Kadra aliliona hilo na moyo wake ukashtuka.

"Labda ni hapa niliposimama," akasema haraka. "Ndiyo, ni hapa tu."

Kuanzia siku ile alianza kuyaona mengine. Jatani alimimina chai mpaka ikafurika kikombe. Simu ikilia, alimpa mtu mwingine amsomee jina. Jua la asubuhi lilimkera, akawa anatembea ameinamisha kofia mpaka kwenye nyusi. Mara moja alimsalimu Kotile, fundi wa vitanda ambaye karakana yake ilipakana na banda, akamwita Halake, na Halake ni shemeji yake ambaye ni mrefu kuliko Kotile kwa kichwa kizima. Kotile aliitikia tu. Baadaye alimwambia Kadra pembeni, "Mama Nuh, mzee haoni." Kadra akamwambia ni uchovu.

Angeweza kumwambia mumewe. Alijua hivyo. Lakini jina lote la Jatani lilikuwa kwenye macho yake. Zamani, mifugo ya watu ilipochanganyikana kwenye maji wakati wa kiangazi, ni yeye aliyeitwa kuitenganisha. Alikuwa akisimama ng'ambo hii ya mto, akitaja ng'ombe walio ng'ambo ile mmoja mmoja, huyu wa fulani, yule wa fulani, kwa kuona tu mkato wa sikio. Wazee walimwamini bila kuvuka kwenda kuhakikisha. Ng'ombe walikwisha, malisho yakakauka, na kilichobaki kwa Jatani ni kwamba watu wakikutana naye bado walisema, huyu ndiye yule wa macho. Kadra hakuona ni vipi mdomo wake ungeanza kulisema hilo neno. Akaona ni rahisi zaidi kuinuka kila alasiri na kurudisha mistari mitatu mahali pake. Miaka miwili ikapita hivyo.

Kisha ikaja harusi ya Hanad.

Hanad alikuwa mtoto wa Asli, mwanamke Msomali mwenye duka la vitambaa sokoni Garsen. Alimwoa Ifrah, binti wa Kafia wa Bura, na harusi ikafanyika huko huko Bura nyumbani kwa bibi harusi. Asli hakwenda. Wiki tatu kabla, alianguka na bodaboda akavunjika mguu, na daktari akamkataza safari. Alichokipeleka ni dhahabu: mkufu mpana na bangili sita alizoachiwa na mama yake. Alimpa Hanad mkononi, akamwambia aikabidhi kwa Kafia ili Ifrah avishwe mbele ya watu. Baada ya harusi maharusi walikwenda Mombasa, ambako Hanad alikuwa na kazi.

Griffin, kijana wa kupiga video za harusi, aliileta video hiyo Garsen kwenye flashi. Wanawake wa ukoo wa Asli wakapanga kuitazama kwa Jatani siku ya Alhamisi saa nane, wanawake peke yao, ili mama wa bwana harusi naye aone alichokikosa. Kadra ndiye angekaa nao ndani.

Jumatano jioni simu ilipigwa kutoka Idsowe. Mtoto wa dada yake Kadra alikuwa na homa kali na dada mwenyewe ndiyo kwanza ametoka kujifungua. Kadra alifunga nguo mbili kwenye leso.

"Kesho wale wanawake," alimwambia mumewe. "Wewe washa tu mashine, uwaachie. Usibadilishe chochote."

"Unanifundisha kuwasha mashine?" Jatani alisema, akicheka.

Alhamisi Jatani aliwasha mashine. Picha aliiona ya manjano, akaitengeneza kwa namna alivyojua yeye. Aliporidhika, wanawake wakaanza kuingia, naye akatoka nje kama adabu inavyotaka, akaenda kukaa kwa Kotile. Ndani hakukuwa na mtu wa kuinuka. Walitazama harusi nzima, kwa muda wa saa mbili, kwa macho ya Jatani.

Asli alikaa benchi la mbele, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya kigoda. Ifrah alipoingia kwenye picha, wanawake walipiga vigelegele. Vikapungua. Uso wa bibi harusi ulikuwa kama wa mtu mwenye baridi, hina yake ilikuwa nyeusi, na shingoni mwake, mahali pa dhahabu, palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa kama sufuria mpya. Alipoinua mkono, bangili nazo zilikuwa hivyo hivyo.

Wateja wa kila siku wangejua la kufanya. Wangesema subirini alasiri. Lakini wale wanawake wengi hawakuwahi kuingia mle ndani, na waliokuwa na habari za picha ya Jatani walikuwa wanaume. Asli hakusema neno mpaka mwisho. Taa ilipowashwa alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kawaida tu, "Ile si dhahabu ya mama yangu. Wameiuza, wakamvisha bati."

Kabla ya magharibi maneno hayo yalikuwa yamefika Bura.

Kadra alirudi Jumamosi, mtoto wa Idsowe akiwa ameshapata nafuu. Aliposhuka kwenye pikipiki, mwanamke anayeuza mahamri alimsimulia kabla hajalipa nauli. Kafia alipiga simu akimlilia Asli, kisha akimtukana. Akatuma kwa simu picha za bangili alizopiga Ifrah, za manjano, zimewekwa mezani. Asli akajibu kwamba picha ya leo ni ya leo. Yeye anataka kujua walimvisha nini siku ile, mbele ya watu, kwa kuwa aliona kwa macho yake mwenyewe. Hanad alijaribu kumtetea mkewe, mama akamwambia amerogwa. Na huko Mombasa, Ifrah, ambaye ndoa yake haijatimiza wiki mbili, alikuwa amepakia nguo zake na kusema anarudi kwao, hawezi kuishi kwenye ukoo uliomwita mwizi.

"Na Griffin?" Kadra aliuliza.

"Griffin anasema kamera yake ni nzima. Nani anamsikiliza? Harusi mbili zimeshamkataa."

Kadra alikwenda nyumbani na kifurushi chake kichwani. Alijua kilichotokea tangu neno la kwanza. Hata hivyo alipofika alimpikia mumewe, akamsikiliza akieleza kisa kile kile.

"Mimi niliwawekea picha safi kabisa," Jatani alisema. "Ikiwa mtu amevaa bati, mashine itasema ni dhahabu?"

Alikula kwa raha. Kadra alimtazama akitafuta kipande cha nyama kwenye sahani kwa vidole, akikipapasa kabla ya kukiokota, na akaelewa kwamba kuanzia sasa, kila siku atakayonyamaza, anamnyamazia yule binti wa Mombasa pia.

Alimwambia asubuhi, walipokuwa wakinywa chai nje. Aliweka kikombe chini.

"Baba Nuh, ile dhahabu ni dhahabu. Ni picha iliyoibadilisha."

"Picha ilikuwa sawa."

"Haikuwa sawa. Haijakuwa sawa tangu masika ya mwaka juzi. Wewe unaona manjano, unaongeza buluu. Watu wanaona buluu tupu."

Jatani alizungusha kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Watu gani?"

"Wote."

"Na wanaendelea kuja?"

"Wanakuja saa kumi. Ukienda kuswali mimi huirudisha."

Kadra alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira angejua namna ya kuipokea. Jatani aligeuza uso kuelekea barabarani, mahali ambapo pengine aliona mwanga tu na vivuli vikipita, akauliza kwa sauti ndogo, "Kila siku?"

"Kila siku uliyokwenda."

"Miaka miwili unanizunguka."

"Niliona nitakuumiza."

"Na Kotile anajua?"

Kadra aliokota kikombe chake akaanza kukisuuza, na hilo lilikuwa jibu. Jatani alisimama, akavaa kofia, akaenda bandani bila kumalizia chai. Kadra alimfuata hatua chache nyuma.

Ndani aliwasha mashine na kuweka ile flashi ya harusi. Akasimamisha picha pale bibi harusi anapoinua mkono. "Weka yako," akasema.

Kadra alichukua rimoti akarudisha mistari. Ifrah akapata damu usoni, hina ikawa hina, na bangili zikang'aa manjano mazito.

"Hii yote ni samli," Jatani alisema. "Mpaka ukuta wa nyumba yao. Mpaka shela."

"Shela ni nyeupe, Baba Nuh."

Alisogea karibu na kitambaa mpaka pua ikakaribia kukigusa, kivuli chake kikamfunika bibi harusi. Kisha akatoka mlangoni akaita, "Kotile. Njoo hapa."

Kotile alikuja na randa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shela hii ni rangi gani?"

Kotile alimtazama Kadra kwanza.

"Usimwangalie yeye," Jatani alisema. "Nimekuuliza wewe."

"Nyeupe, mzee."

"Na ile ninayoweka mimi?"

Kotile alivuta pumzi. "Mzee, ile yako... sisi tulizoea tu."

Jatani aliketi kwenye benchi la mbele. Kotile hakujua kama aondoke au abaki, akaanza kuangalia mguu wa benchi uliolegea. Mwishowe Jatani akasema, "Mama Nuh, waite wale wanawake. Wale wale. Kesho, saa ile ile. Mwambie Mama Hanad nimemwomba mimi."

Asli hakutaka. Kadra alimkuta dukani, amekaa kati ya majora ya vitambaa, na alijibiwa kwamba alichokiona kimemtosha.

"Mama Hanad," Kadra alisema, "mimi nisingekuja hapa kuaibisha nyumba yangu kwa jambo la uongo. Njoo utazame tena. Ukiona bati, nitakwenda nawe Bura kuidai dhahabu yako."

Asli alimpima kwa macho kitambo. "Nitakuja," akasema. "Na nitakuja na vitambaa vyangu." Akakata kutoka kwenye majora kipande chekundu, kipande cha manjano na kipande cheupe, akavikunja mapajani. Mfanyabiashara wa rangi hadanganywi mara mbili kwa rangi.

Jumatatu saa nane wanawake walikuwa wengi kuliko Alhamisi, maana na wasiohusika walikuja kusikia. Jatani alisimama mbele yao kabla ya kuwasha chochote. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na hakuinua macho.

"Siku ile mliona vibaya, na kosa lilikuwa langu," alisema. "Mashine ni nzima. Kamera ya Griffin ni nzima. Macho yangu ndiyo mabovu, na mimi ndiye niliyeweka ile picha. Nilikuwa sijui. Sasa nimejua. Mama Nuh atawawekea kwanza ile ya kwangu, halafu ile ya kweli. Aliyemsema vibaya binti wa watu, aangalie mwenyewe."

Akatoka. Hakuna aliyecheka.

Kadra aliweka kwanza ile ya buluu, kwenye picha ile ile ya mkono ulioinuliwa. Mwanamke mmoja akasema ndiyo, ndiyo hii tuliyoona. Asli aliinua vile vipande vyake vitatu mbele ya mwanga wa mashine. Chekundu kikawa zambarau chafu. Cha manjano kikapauka, kikakaribiana na cheupe mpaka ukalazimika kutazama mara mbili. Kisha Kadra akarudisha mistari, mmoja mmoja, bila haraka. Asli alikuwa bado ameshika vitambaa hewani. Cha manjano kilianza kupata joto mkononi mwake, na wakati huo huo, nyuma yake, kwenye kitambaa kikubwa, bangili za mama yake zikarudi kwenye mkono wa Ifrah.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Asli aliomba picha isogezwe mbele kidogo, ikasogezwa. Akaomba isimamishwe. Bangili ya tatu kutoka kiganjani ilikuwa na bonyeo dogo ubavuni, na Asli akalionyesha kwa mkongojo wake. "Nilianguka nayo kisimani nikiwa na miaka tisa," akasema. "Mama alinichapa."

Akaomba simu. Akampigia Kafia pale pale, mbele ya wote.

"Mama Ifrah," akasema, "ni mimi. Nimekosea. Nilikusema mbele ya watu, na sasa nakuomba radhi mbele ya watu hao hao, wako hapa wananisikia. Binti yetu hakufanya kitu. Mwambie asirudi huko kwenu. Mwambie mimi ndiye nitakayekwenda kwake."

Wanawake walisogea karibu na simu. Kisha sauti ya Kafia ikaja, imekauka kwa kulia. "Mguu wako unaendeleaje?"

"Unauma," Asli alisema.

Haikuwa suluhu yote. Ifrah alikaa Mombasa, lakini miezi miwili hakumpigia mama mkwe wake simu hata mara moja, na Asli hakumlaumu. Griffin alipewa harusi moja kati ya zile mbili. Ile nyingine ilikuwa imeshapata mtu.

Wiki iliyofuata Kadra na Jatani walikwenda Ngao. Muuguzi wa macho pale hospitalini alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Pauline, Mpokomo wa huko huko. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, kisha akamwambia asome herufi ukutani.

"Ukuta uko upande gani?" Jatani aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya mzaha juu ya jambo hilo, na Kadra hakujua kama acheke.

"Mzee, huu ni ugonjwa wa mtoto wa jicho," Pauline alisema. "Macho yote mawili. La kulia limekomaa. Kioo kilichomo ndani ya jicho kimezeeka, kimekuwa kama chai ya rangi, na wewe unatazama dunia kupitia kwenye hiyo chai. Ndiyo maana uliona kila kitu cha manjano. Madaktari wa upasuaji wanakuja mwezi ujao. Watatoa hicho kioo waweke kipya."

"Nitaona sikio la ng'ombe ng'ambo ya mto?"

"Hilo sijui. Utaona rangi."

Walimpasua jicho la kulia mwezi uliofuata. Kesho yake asubuhi Pauline alimtoa bandeji, akamwambia afungue pole pole. Jatani alifungua. Alimkazia macho muuguzi muda mrefu, hata Kadra akaogopa.

"Sweta yako ni ya buluu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Buluu sana."

Walirudi Garsen siku hiyo hiyo. Jatani hakupitia nyumbani. Aliingia bandani, akaweka picha kwa ile mipangilio yake ya zamani, akasimama katikati ya mabenchi. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa lile la kushoto ambalo bado halijapasuliwa. Akabadilisha mkono. Kisha akarudia. Kwa jicho moja watu walikuwa watu. Kwa lingine, lililo zima, aliona kile alichowaonyesha wengine miaka miwili: nyuso za maiti zikicheka na kucheza ngoma.

"Walikaa kimya wakiangalia hivi," alisema.

"Walikuheshimu."

"Wewe ulikaa kimya."

"Mimi niliogopa," Kadra alisema. "Niliona macho ndiyo kitu ulichobaki nacho."

"Nilibaki na wewe," Jatani alisema, bila upole. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekasirika wiki moja."

Ilikuwa kweli. Kadra alichukua fagio akaanza kufagia chini ya mabenchi, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi.

Baada ya hapo mambo ya banda yalikwenda vizuri, na ya nyumbani yakawa na kibaridi. Picha ilitulia. Saa nane na saa kumi zikawa sawa, wateja wakajaa tangu mchana, na wengine walisema hawakujua kuwa filamu zile zina rangi nzuri hivyo. Jatani alifua kitambaa upya, maana sasa aliyaona madoa yake. Lakini kabla ya kila onyesho, akishaweka picha, alikuwa akitoka nje na kuita, "Kotile, njoo uniangalizie." Kotile alikuwa akiacha kitanda anachokitengeneza, akija na kusema iko sawa mzee, au punguza kidogo. Kadra alikuwa amekaa pale pale mlangoni na ndoo yake ya maji, hatua tano kutoka kwenye mashine. Hakuulizwa. Kotile alipopita mbele yake aliangalia chini kwa haya.

Alilivumilia. Hakulalamika kwa dada yake wa Idsowe, wala kwa Nuh, mtoto wao, alipopiga simu kutoka Hola. Alihesabu kwamba hilo ni fungu lake katika jambo lile. Yeye ndiye aliyemfundisha mumewe kwamba neno lake juu ya picha haliaminiki.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Jumanne moja, Kotile alikwenda Minjila kupeleka kitanda cha mteja. Saa nane ilikaribia. Vijana wapatao ishirini walikuwa wameshaketi. Jatani aliweka picha, akatoka mlangoni, akaita mara moja. Karakana ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Alisimama pale kidogo, jua likimpiga usoni, na kofia yake siku hizi ilikuwa imekaa juu kama ya watu wengine.

Akarudi ndani. Alimpita Kadra, akafika kwenye mashine, akageuka.

"Mama Nuh," akasema. "Hebu angalia."

Kadra aliinuka akajipangusa mikono. Alitembea mpaka katikati ya mabenchi, mahali pazuri pa kuonea, akatazama. Kwenye kitambaa palikuwa na mwanamume akiongoza punda kwenye njia ya mawe. Rangi zilikuwa sawa. Lakini anga lilikuwa limeungua kwa mwanga, mawingu hayaonekani, na uso wa yule mtu ulikuwa umepauka upande mmoja. Vijana kwenye mabenchi waligeuka kumwangalia.

"Rangi ni nzuri," alisema. "Mwangaza umezidi. Unapoteza mawingu."

Jatani aliitazama picha tena, akafunga jicho la kushoto, akalifungua.

"Kiasi gani?"

"Shusha. Bado. Bado kidogo. Hapo."

Mawingu yakatokea. Jatani aliweka rimoti mfukoni, akaketi kwenye kiti chake, na Kadra akarudi mlangoni kumuuzia maji mtu aliyekuwa akisubiri.